Negativu za Watu si Mali ya Kuokota

Vijana wetu wamezirudia kamera za filamu. Ukipita ufuoni Diani alasiri jua likianza kulegea, hukosi kumwona mmoja wao ameinama juu ya dude la chuma zito kuliko simu tatu, avuta mkono wa filamu kwa kidole gumba, apiga picha moja, kisha atulia kama mvuvi aliyekwisha kutia ndoana. Wanatafuta Yashica, Zenit za Kirusi, Pentax na Olympus ambazo baba zao walizifungia makabatini, na wakizipata hufurahi kama aliyeona mbuzi wake aliyepotea. Wala si huku kwetu tu. Mwaka 2012 kampuni ya Kodak ya Marekani ilipokwenda mahakamani kutaka ulinzi kwa sababu ya kufilisika, wengi wetu tuliisomea filamu hitima. Kumbe maiti alikuwa bado anapumua. Roli za Kodak zinauzwa hadi leo, na mwaka 2024 Pentax ya Ujapani ilitoa kamera mpya ya filamu, inayoweza kutoa picha 72 katika roli ya 36 kwa kuigawa kila picha nusu.

Nalifurahia jambo hili. Mimi mwenyewe napiga picha kwa filamu tangu nilipokuwa kijana, na kamera niliyo nayo ina umri wa kuwa na wajukuu. Basi asinidhanie msomaji kuwa ni mzee aliyenuna kwa kuwa vijana wamepata starehe. Nina ugomvi nao mmoja tu, nao si juu ya kamera. Ni juu ya negativu za watu wengine.

Imekuwa hivi. Kijana akishapata kamera, huona hamu ya kujua waliotangulia walipiga nini. Huenda Ukunda, Msambweni, Lunga Lunga au Kinango, akauliza ilikokuwa studio ya zamani, akawakuta watoto au wajukuu wa mpiga picha aliyefariki, na uvunguni mna makasha ya viatu yaliyojaa mikanda ya negativu. Huyanunua kwa bei ya kilo mbili za samaki. Kisha huziweka negativu juu ya taa, akazinakili kwa simu, na jioni sura za watu zimeenea katika intaneti. Wenyewe huita kazi hiyo kuokoa historia. Nami nasema kuna kuokoa na kuna kuokota, na maneno hayo yametengwa na herufi moja tu.

Kwa msomaji aliyezaliwa simu zikiwa zimekwisha kushika nchi, yafaa nieleze negativu ni nini, maana hoja yangu yote imesimama hapo. Filamu ni utepe wa plastiki uliopakwa chumvi za fedha, fedha ile ile ya bangili na pete. Mwanga ukiigusa chumvi hiyo, hubadilika, lakini jicho haliwezi kuona hata filamu itiwe dawa gizani. Dawa ya kwanza huitoa sura, ya pili huikaza isiendelee kubadilika, kisha huoshwa kwa maji na kuanikwa. Kinachobaki ni sura iliyogeuka: nyeupe imekuwa nyeusi, kanzu imekuwa kaniki, meno yamekuwa makaa. Hiyo ndiyo negativu. Kutoka hapo mpiga picha huweza kuchapa karatasi moja au mia. Kwa hivyo aliyepewa karatasi amepewa nakala. Mwenye negativu ndiye aliyeishika picha yenyewe.

Kazi hii huku pwani ina mashaka yake ambayo vitabu vya Wazungu havikuyapangia. Kitabu husema dawa ya picha za rangi mbili, nyeusi na nyeupe, iwe nyuzi 20 za joto. Nyuzi 20 utazipata wapi Msambweni mwezi wa Februari, hali maji ya bomba yenyewe yatoka kama yamepashwa? Ukitumia dawa moto bila kupunguza muda, picha huungua ikawa nyeusi tii. Na ile ngozi laini inayoshika fedha juu ya filamu hulainika, ukiigusa kwa ukucha imechubuka. Wapiga picha wetu walikwenda kwa wachuuzi wa samaki wakanunua barafu, wakaitia kwenye karai, wakazisimamisha chupa za dawa katikati. Nimezoea kufanya hivyo mpaka leo, na siku nyingine chumba changu cha giza hunuka nguru. Jambo jingine ni maji ya kuoshea. Maji ya bahari huondoa mabaki ya dawa upesi kuliko maji ya kisima, kisha picha ikasuuzwa kwa maji matamu ili chumvi isibaki. Mtu wa ufuoni ana kisima kisichokauka mbele ya nyumba yake.

Adui mkubwa ni unyevu. Lenzi iliyofungiwa ndani ya mfuko wa ngozi wakati wa masika huota kuvu lenye nyuzi kama za buibui, na kuvu hilo hula kioo. Wengine hutia kamera ndani ya debe lenye mchele mkavu. Negativu nazo zina ugonjwa wao: zile za asetati zikikaa katika joto na unyevu huanza kuoza na kutoa harufu ya siki. Fungua kasha la zamani, ukinusa siki, ujue mauti yamekwisha kuingia.

Na mwanga wetu, je? Mchanga wa Diani ni mweupe kama unga. Kipima mwanga cha kamera kimefundishwa kuiona dunia kuwa ya kijivu, basi kikikabiliwa na mchanga ule hudhani mwanga ni mwingi mno, hubana, na mtu mweusi aliyesimama pale hutoka macho na meno peke yake. Watalii wengi walirudi kwao na picha za namna hiyo. Mpiga picha wa kwetu hakuwa na haja ya kipima. Alimpeleka mteja chini ya mwembe, au chini ya mibuyu karibu na Msikiti wa Kongo pale mto Mwachema unapoingia baharini, akafungua lenzi hatua moja au mbili zaidi, na ngozi ya mtu ikatoka kama ilivyo, yenye rangi na uhai. Elimu hiyo haikuandikwa popote. Iko ndani ya negativu zile.

Sasa niingie katika jambo lenyewe. Tulipokuwa chuoni, tukisoma juzuu kwa kuimba na kuchapwa, walimu wetu walihitilafiana juu ya picha. Mmoja aliziharimisha zote. Mwingine alikuwa na picha ya hija yake ukutani na hakuna aliyethubutu kumwuliza. Baadaye nilipokua ndipo nilipojua kuwa hitilafu ile ilikuwa kubwa kuliko chuo chetu. Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri tangu 1914 hadi 1920, aliandika risala akaijuzisha picha ya kamera, kwa hoja kwamba mwenye kamera haumbi kitu. Hukizuia kivuli tu, kama kioo kinavyozuia sura ya anayejitazama. Wako wasiomkubali hata leo, na si kazi ya ukurasa huu kuwapatanisha. Ila naipenda hoja ile kwa sababu yatoka mbali: Ibn al-Haytham, mwana wa Basra aliyezaliwa yapata mwaka 965, alikwisha kueleza jinsi sura ya jua lililopatwa inavyopenya kitundu kidogo na kuangukia ukutani ndani ya nyumba ya giza. Kamera ni nyumba ile ile ya giza, imepunguzwa ikaingia mkononi. (Kwa kupatwa kwa jua, watoto wetu walitazamia negativu za harusi za mama zao. Macho hayakusalimika vizuri, na negativu hazikusalimika kabisa.)

Haya, tukubali kuwa picha ni kivuli kilichozuiwa. Kivuli cha nani? Si cha mpiga picha. Yeye amekishika tu. Na kitu cha mwenzio ukikishika kwa idhini yake, watu wa pwani wana neno lake, nalo ni amana.

Wapiga picha wa zamani walilijua neno hili pasi na kufundishwa na mwanasheria. Mombasa alikuwako N. V. Parekh, aliyefungua studio yake mwaka 1942, na nyumba nyingi za pwani zina picha aliyoipiga: bwana na bibi harusi, marafiki wawili wameshikana mikono, mwanamke ameegemea meza yenye maua. Lamu alikuwako Omar Said Bakor, aliyefariki mwaka 1993, fundi wa mkasi, ambaye alizikata sura za watu akazipanga upya ndani ya maua na mapambo hata mteja akajiona yumo katika ndoto yake mwenyewe. Kivukoni Likoni, miaka ya tisini, palikuwa na vibanda vya wapiga picha, wengi wao watu wa bara, walioning'iniza mapazia yaliyochorwa ndege, meli na majumba. Ukashuka ferini kutoka kazini, ukapigwa picha umesimama mbele ya ndege ambayo hutaipanda. Machafuko ya Agosti 1997 yaliwatawanya watu wa bara wengi wa upande ule, na wapiga picha hawakuachwa. Mtafiti wa Kijerumani, Heike Behrend, amewaandika watu hawa katika kitabu chake juu ya upigaji picha wa pwani kilichotoka 2013, na ni aibu kidogo kwamba sisi wenyewe hatukuwaandika.

Huku kusini wetu walikuwa watu wa baiskeli. Kamera shingoni, shuka la rangi limefungwa nyuma, wakapita vijijini toka Tiwi hadi Vanga siku za Idi na siku za mishahara ya kiwanda cha sukari cha Ramisi, kabla kiwanda kile hakijaanguka mwaka 1988. Sikusudii kuwataja kwa majina, kwani watoto wao wako hai na wengine hawataki kusemwa.

Mtu huyu wa baiskeli alikuwa na mlango ambao wanaume wengine hawakuwa nao. Mume yuko Maskati au Dubai anatafuta riziki, barua yaja: nitumie picha. Mke atampigiaje picha mumewe akiwa amejifunika buibui mpaka puani? Basi mpiga picha, naye mara nyingi ni mtu mzima aliyejulikana na familia, aliitwa uani, mama mkwe ameketi hapo hapo kwenye kigoda, na mke akatoka amesuka nywele, ametia hina, amevaa gauni la rangi ambalo mtaa haukuliona. Picha moja, pengine mbili. Karatasi ikatiwa katika bahasha pamoja na barua. Negativu ikabaki kwa mpiga picha, na mpiga picha akafunga kinywa chake. Nimewahi kutunga ubeti kwa sauti ya mwanamke wa namna hiyo:

Picha nimekuachia, si mali ya kuiuza,
Sandukuni nitilia, uifunike kwa giza,
Akija wa kulipia, mkatae akikaza,
Dhamana nakuusia, ahadi ya kutimiza.

Asiyeamini kuwa jambo hili bado lina uzito, na aitazame kadi ya mwaliko wa harusi ya wanawake hapa kwetu. Chini yake huandikwa kuwa simu za kamera haziruhusiwi, na mlangoni pana shangazi ambaye hana mzaha na mikoba ya watu. Kizazi cha leo kinajilinda kwa kuweka mlinzi mlangoni. Kizazi cha bibi zetu kilijilinda kwa kumwamini mtu mmoja. Mtu huyo amekufa, na sanduku lake limeuzwa.

Yupo kijana mmoja wa Ukunda niliyemfundisha mwenyewe kusafisha filamu, mtoto mwenye adabu na mkono mwepesi. Miaka michache iliyopita alinunua makasha manne ya mpiga picha mmoja marehemu wa upande wa Msambweni. Akaanza kuzitoa picha katika intaneti, moja kila siku, na watu wakamsifu kwelikweli. Siku moja akaitoa picha ya mwanamke kijana ameketi juu ya mkeka, kichwa wazi, nywele zimesukwa twende kilioni, anacheka. Ni picha nzuri mno; nisiseme uongo, nami niliitazama zaidi ya mara moja kabla ya kujiuliza naitazama kwa ruhusa ya nani. Maelfu waliipenda. Mmoja katika maelfu hayo alikuwa kijana anayefanya kazi hotelini Diani, naye akamtambua bibi yake.

Kijana wangu akaja kwangu usiku, amefadhaika.

"Mjomba, mimi sikuiba," akanambia. "Nimenunua, na bei tulipatana."

"Umenunua kwa nani?"

"Kwa warithi."

"Warithi wa nani? Wa mpiga picha, au wa hawa waliomo ndani?"

Akanyamaza. Kisha akasema neno ambalo mpaka leo naliona lina haki yake. "Lakini mjomba, ningeziacha zingechomwa. Nimewakuta wameshaanza kuwashia jiko. Ingekuwa bora?"

Haikuwa bora. Kesho yake tukaenda wote wawili kwa yule bibi, katika kijiji kimoja baina ya Gazi na Msambweni. Kijana akaingia kichwa chini. "Shikamoo bibi." "Marahaba mjukuu wangu, karibuni, ketini." Tukaletewa madafu kabla hatujasema lolote, jambo lililotuzidishia haya. Nilitazamia matusi, au machozi. Bibi aliichukua simu, akaisogeza mbali na macho kama wafanyavyo wazee, akaitazama sura yake ya miaka arobaini na kitu nyuma. Akakaa kimya muda mrefu.

"Picha hii ilikuwa moja tu," akasema. "Ilikwenda Maskati na barua, haikurudi. Na mwenyewe pia hakurudi. Mimi sijaiona tangu siku ile niliyoitia katika bahasha." Halafu akamgeukia kijana. "Sasa nambie mwanangu, imekuwaje nyote mkaiona kabla yangu?"

Hakuna aliyejibu. Bibi akaendelea: "Ifute huko uliko. Kisha nipe yangu."

Kijana akaifuta siku hiyo hiyo, na wiki ile akaingia katika chumba cha giza akachapa nakala mbili kwa mkono, katika karatasi nzuri, akampelekea pamoja na negativu yenyewe. Lakini cha intaneti hakifutiki kama ubao wa chuoni. Picha ile ilikwisha kuchukuliwa na watu wengine, na baada ya miezi tuliiona imepamba tangazo la duka moja la nguo, katika mji ambao bibi hajapata kuufika. Tuliandika barua. Hatujajibiwa.

Naona msomaji mwenye busara ameshika kalamu kuniuliza: je, tukienda hivyo, si tutaizika historia yetu yote? Wazungu walitupiga picha wanavyotaka kwa miaka mia, tukiwa tumebeba mitungi na kucheza ngoma. Picha tulizojipigia sisi wenyewe, tukiwa tumevaa tunavyopenda na kukaa tunavyopenda, ndizo hizo za studio. Tukizifunga, si tutabaki na za Wazungu tu? Swali hili ni zito. Nami sisemi zifungwe zote. Picha ya jahazi likishusha mikoko, picha ya barabara, ya gwaride, ya kivuko, ya soko, hizo ni za macho ya wote. Unguja iko Capital Art Studio, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, na picha zake za mji na za watawala zimewasomesha watu wengi historia ya visiwa vile. Hakuna aliyeonewa. Lakini mwanamke uani kwake, mtoto mgonjwa aliyepigwa picha apelekewe baba yake, maiti aliyelazwa kabla ya kuzikwa, hizo ni jambo jingine, na mwenye macho haitaji mufti kuzipambanua.

Kwa anayependa karatasi za serikali kuliko adabu, karatasi zipo pia. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 yasema kazi iliyoagizwa na mtu asiye mwajiri wa fundi, haki yake humhamia aliyeiagiza, ila wakipatana vinginevyo. Basi makasha yale, hata ukiyanunua kwa risiti, umenunua plastiki na fedha kidogo iliyopakwa juu yake. Na tangu Sheria ya Kulinda Data ya 2019, sura ya mtu si jambo la kuchezewa: mwaka 2023 Afisi ya Kamishna wa Kulinda Data iliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za watoto bila idhini ya wazazi wao.

Tena kuna jambo la kufanya makasha haya yawe na thamani kwa wenyewe kuliko kwa watazamaji. Kwale ni kaunti ya watu waliokaa miaka mingi bila kipande. Wamakonde walitembea kwa miguu kutoka huku kwenda Nairobi mwezi wa Oktoba 2016 kudai uraia, na wakakubaliwa. Wapemba wa pwani wakatambuliwa mwaka 2023. Kwa mtu aliyeambiwa miaka hamsini kuwa ni mgeni, picha ya babu yake amesimama mbele ya duka la Msambweni, yenye muhuri wa studio na tarehe nyuma yake, si pambo. Yeye aipate kwanza. Watu wa intaneti wataipata baadaye, akipenda.

Wala adabu hii si ngeni hapa. Ingia Kaya Kinondo, mmoja wa misitu mitakatifu ya Wamijikenda iliyotiwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2008. Utavishwa kaniki kiunoni, utaongozwa njia, na utaambiwa wapi uinue kamera na wapi uishushe. Watalii waliokuja na mashine za thamani ya nyumba huzishusha bila kunung'unika. Nimewaona. Kama mgeni kutoka Ujerumani ameweza kuheshimu mti wa Wadigo, kijana wa Ukunda atashindwaje kumheshimu bibi wa Wadigo?

Shauri langu kwa vijana wa filamu ni kuwa wao ndio waliobaki na mkono wa kazi hii. Maduka ya kuchapa yamefungwa, mafundi wamezeeka, na negativu hazijui kusema peke yake. Basi watumie chumba cha giza kwa wenye sura. Kasha likipatikana, lifunguliwe mbele ya wazee wawili watatu wa kijiji kile, na kwa picha za wanawake wawe wanawake, wataje majina wanayoyajua. Kila anayejulikana, yeye au mtoto wake, achapiwe nakala moja na aulizwe: ibaki, irudi kwako, au ionyeshwe? Jibu liandikwe juu ya bahasha. Zisizojulikana zihifadhiwe zimefungwa, na Kaunti ya Kwale isione tabu kutenga chumba kimoja kikavu chenye kabati na feni. Chumba kama hicho ni rahisi kuliko lango moja la kukaribisha mawaziri. Makumbusho ya Taifa yana watu wao Fort Jesus wanaojua kutunza vitu, wakiombwa hawatakataa kutoa maarifa.

Ni kazi ya polepole, na naijua tabia ya intaneti, haina subira. Lakini aliyechagua kamera ya filamu amekwisha kukubali kungoja. Roli moja leo bei yake yalisha nyumba siku nzima, picha ni 36, na hazionekani mpaka zisafishwe. Mtu wa subira hiyo hashindwi kumngoja bibi mmoja anywe chai yake kabla ya kujibu.

Kijana wangu ameanza. Katika makasha yale manne, amekwisha kuwapata wenyewe wa picha sitini na tatu. Wengine walizichukua negativu zao wakaenda nazo bila kusema neno. Wengine walimruhusu azionyeshe, na mzee mmoja amemwamrisha aionyeshe yake kila mahali, kwani alipendeza siku ile na hajapendeza hivyo tena.

Na wewe uliye na kasha uvunguni, usilichome wala usiliuze kabla hujawaita wa mtaani. Litoe chini ya bati, joto ndilo linaloua. Litie chumba cha chini, mbali na ukuta wenye unyevu. Negativu zitolewe katika mifuko ya plastiki zitiwe bahasha za karatasi, zishikwe pembeni, na kidole kisiguse sura. Mkanda utakaonuka siki utengwe siku hiyo hiyo, maana mvuke wake huambukiza ya jirani, nao ndio unaotakiwa kuchapwa mwanzo.